Sanduku la Maswali: Antivairasi ipi kwa kompyuta ya nyumbani?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kati ya antivairasi zote zinazotangazwa, ipi iwekwe nyumbani? Tumezijibu pamoja. Majina ya vitufe na menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa sababu ndivyo utakavyoyatafuta.

Nimenunua laptopu mpya yenye Windows 11. Muuzaji wa Kariakoo ananihimiza ninunue na antivairasi ya mwaka mzima hapo hapo. Mwenzangu kazini anaapa kwa ESET, shemeji yangu haambiliki zaidi ya Bitdefender. Nichukue ipi?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, funga pochi kwanza. Laptopu yako imekuja na antivairasi yake, Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Haina ada, haina tarehe ya kwisha, na kwa nyumba nyingi inatosha. Jina baya ililo nalo ni la zamani. Miaka kumi na zaidi iliyopita ilikuwa ikivuta mkia kwenye majaribio, na mafundi waliojifunza kazi wakati huo wengi wamebaki na somo lile lile.

Majaribio yenyewe yako wazi kwa yeyote. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kutoilemea kompyuta, na 6 kwa kutosumbua kwa tahadhari za uongo, jumla 18. Fungua jedwali lao la kompyuta za nyumbani utakuta kundi kubwa limejazana kwenye 17.5 na 18, Defender ikiwa humo humo. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima kwa njia yake na kutoa madaraja. Ukisoma majedwali hayo usitafute nani wa kwanza, maana nafasi ya kwanza hubadilika kila mara. Tafuta nani amekaa juu mwaka mzima, kisha tazama safu ya tahadhari za uongo. Antivairasi inayolia ovyo humzoesha mwenye kompyuta kubofya "ruhusu" bila kusoma, na siku ya hatari ya kweli atabofya vilevile.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia: baadhi ya hao wanaoonekana kushindana ni wa nyumba moja. Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya kampuni ya Gen Digital, iliyopata jina hilo mwaka 2022. Avast iliinunua AVG mwaka 2016 na tangu hapo injini ya kukagua ni ile ile. G Data ya Ujerumani hutumia injini ya Bitdefender. Anayebishania Avast na AVG anabishania chupa mbili zilizojazwa bomba moja.

Kulipia kuna maana ukiwa na kompyuta nne tano za familia unazotaka kuzisimamia kutoka akaunti moja, ukihitaji kudhibiti muda na kurasa za watoto kwa undani, au kompyuta yako ikiwa haipati intaneti mara kwa mara (tazama jibu la msomaji wa Kigoma hapa chini). Hapo ESET na Bitdefender zote ni chaguo la heshima: ESET nyepesi na yenye mipangilio mingi kwa anayependa kuchokonoa, Bitdefender inayojiendesha yenyewe. Ila kabla ya kulipa tazama bei ya mwaka wa pili. Bei ndogo iliyowekwa chini ya ile kubwa iliyokatwa mstari mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu, na kadi yako itakatwa nzima mwaka ukigeuka usipozima kujirudia kwa malipo kwenye akaunti yako.

Sasa kazi ya leo. Laptopu mpya nyingi huja na McAfee au Norton ya majaribio. Ikiwepo, Defender hulala. Nenda "Settings", "Apps", "Installed apps", iondoe, kisha zima na kuwasha upya. McAfee ikigoma kutoka, kampuni yenyewe hutoa zana ya kuifuta iitwayo MCPR. Kisha fungua "Windows Security", sehemu ya "Virus & threat protection", uhakikishe "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zote zimewashwa. Katika "App & browser control", ndani ya "Reputation-based protection", washa kuzuia programu zisizotakiwa, visanduku vyote viwili.

Imebaki moja ambayo huja ikiwa imezimwa: "Controlled folder access", iliyo ndani ya "Ransomware protection". Hii huzuia programu isiyojulikana kubadilisha chochote ndani ya Documents, Pictures na Videos, yaani ndiyo kinga dhidi ya virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Usumbufu wake ni kwamba programu halali nayo inaweza kukatazwa. Unahifadhi kazi, programu inakujibu kwamba faili haipo au huna ruhusa, na wewe unadhani programu imeharibika. Ukiona hivyo nenda "Allow an app through Controlled folder access", chagua "Recently blocked apps", uiruhusu hiyo moja tu. Usizime kinga yote kwa ajili ya programu moja.

Hamjambo. Watoto wangu hupeleka flashi saiba kuprinti kazi za shule. Ikirudi, folda zote zimekuwa na kamshale kadogo na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Niweke antivairasi gani ya kumaliza hii?
*Mama, Kisauni, Mombasa*

Mama, pole, lakini faili za watoto hazijapotea. Kirusi hiki huzificha folda zako halisi, kisha huweka mahali pake njia za mkato (shortcut) zenye jina lile lile. Mtoto akibofya, folda inafunguka kweli, ila kabla ya kufunguka kirusi kimeshaendeshwa na kuingia kwenye kompyuta. Ndiyo sababu watu husema "nilifomati flashi lakini kilirudi". Flashi ilisafishwa, kompyuta haikusafishwa.

Kwa hiyo anza na kompyuta, flashi ikiwa nje. Fanya "Full scan", halafu "Microsoft Defender Offline scan". Huu wa pili huwasha upya kompyuta na kukagua kabla Windows haijapanda, kwa hiyo kirusi hakina pa kujificha. Huchukua kama dakika 15. Kisha fungua "Task Manager" kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe. Ukiona wscript.exe inaendesha faili inayoishia na .vbs au .js ambayo humjui mwenyewe, hicho ndicho kinachoiambukiza flashi kila inapochomekwa. Kizime hapo na ufute faili yake.

Sasa chomeka flashi. Usibofye chochote ndani yake. Ifungue "This PC", bofya kulia kwenye alama ya flashi, chagua "Scan with Microsoft Defender". Kikiisha kukamatwa, tazama herufi ya flashi, tuseme ni E, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ibonyeze Enter na usubiri. Flashi iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa. Folda za kweli zitatokea. Wakati mwingine zimefungiwa ndani ya folda moja isiyo na jina, zitoe humo. Njia za mkato zenye kamshale zifute zote. Kosa la kawaida hapa ni kukosea herufi: ukiandika C badala ya E utafichua faili za mfumo wa Windows, na mtoto atazifuta akidhani ni takataka.

Kuhusu antivairasi, takriban zote zinazojulikana hukijua kirusi hiki cha zamani. Tatizo ni kwamba "Full scan" ya Defender huziruka flashi isipoambiwa vingine. Mwambie mtu afungue PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi ("Run as administrator") na aandike: Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false. Neno "false" lisikuchanganye. Hapo unakataza ule mtindo wa kutokagua. Na nafuu kubwa kuliko amri zote hizi: kazi ya shule igeuzwe PDF na itumwe saiba kwa baruapepe au WhatsApp. Flashi ibaki nyumbani.

Kompyuta yangu hupata intaneti mara moja kwa wiki mbili hivi, kwa hotspoti ya simu na bando dogo. Nifuate ushauri wa "Defender inatosha"?
*Msomaji, Kigoma*

Hapana, kwako mambo yanageuka. Antivairasi za siku hizi zina akili mbili. Moja iko kwenye diski yako: orodha ya virusi vinavyojulikana. Ya pili iko kwenye seva za kampuni: ikikutana na faili isiyoijua, hutuma alama zake huko na kupata jibu kwa sekunde chache. Bila intaneti, akili ya pili haipo. AV-Comparatives hulipima hili waziwazi katika jaribio lao la programu hasidi, ambalo hukagua faili zile zile mara ya kwanza bila intaneti, kisha na intaneti. Defender hushuka vibaya inapokatiwa mtandao. Bitdefender, ambayo hubeba orodha nzito kwenye diski, hushuka kidogo sana. Kwa mtu anayepokea faili kwa flashi kuliko kwa mtandao, safu hiyo ya "bila intaneti" ndiyo ya kusoma, na hizo alama 18 za AV-TEST zina uzito mdogo.

Ukibaki na Defender, usiitegemee hotspoti pekee. Kwenye ukurasa wa Microsoft wa masasisho ya Defender kuna faili iitwayo mpam-fe.exe, yenye orodha nzima. Ina uzito wa zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo ipakue ofisini au popote penye Wi-Fi, iweke kwenye flashi safi, na nyumbani ibofye mara mbili. Haitaonyesha dirisha lolote. Wengi hudhani imekataa na kuibofya mara tano. Subiri dakika chache, fungua "Protection updates" utazame tarehe. Isipobadilika, bofya kulia na uchague "Run as administrator". Bado ikigoma, huenda umepakua ya 32-bit kwa kompyuta ya 64-bit.

Kwenye bando, kuna hesabu ambayo wengi huikosea. Anayesasisha kila siku hupakua tofauti tu, megabaiti chache. Anayekaa muda mrefu ili "kuokoa bando" siku akiunganisha hupakua furushi zima. Pia, kama uliiweka hotspoti kuwa "Metered connection" (muunganisho wa kubania bando), masasisho yanaweza kusubiri bila wewe kujua. Ukiunganisha, nenda mwenyewe ubofye "Check for updates" kabla hujafungua kivinjari.

Nikiweka Avast na Kaspersky pamoja si nitakuwa na ulinzi mara mbili?
*Kijana, Eldoret*

La. Kila moja hujipachika kati ya Windows na faili ili isome kila kinachofunguliwa. Zikiwa mbili, faili moja hukaguliwa na zote, moja huishuku karantini (folda ya kufungia virusi) ya mwenzake, na kompyuta huganda au kuonyesha kioo cha buluu. Weka moja inayolinda muda wote. Jicho la pili lipate nafasi kwa kukagua ukitaka tu: Malwarebytes ya bure, majaribio yake yakiisha, hubaki kuwa mkaguzi wa aina hiyo. Na ukitumia antivairasi nyingine, Defender hukubali kukaa pembeni na kukagua mara mojamoja ukiwasha "Periodic scanning".

Nina laptopu ya mtumba, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka. Nikifungua "Task Manager" naona "Antimalware Service Executable" inakula kila kitu. Antivairasi nyepesi kuliko zote ni ipi?
*Msomaji, Bujumbura*

Tazama vizuri safu ipi iko kwenye asilimia 100. Ikiwa ni "Disk", hakuna antivairasi itakayokuokoa, kwa sababu diski ya kuzunguka hutafuta faili moja moja na kila mkaguzi humwongezea kazi. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 au 256 itaibadilisha mashine hiyo kuliko leseni yoyote, na RAM ikifika GB 8 hutaitambua.

Ikiwa tatizo ni "CPU", na hutokea wakati wa ukaguzi uliopangwa, punguza kiwango chake. PowerShell kama msimamizi: Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Kawaida ni 50. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi lakini utaendelea na kazi zako. Amri hii haipunguzi ulinzi wa papo kwa papo.

Wengine watakushauri uweke folda kwenye "Exclusions" ili zisikaguliwe. Kwa folda ya kazi nzito, kama ya kuhariri video, sawa. Kwa Downloads, kamwe; huo ni mlango wa mbele. Baada ya hayo yote, kama bado unataka kubadili, ESET ina sifa ya siku nyingi ya wepesi. Lakini kwanza hakikisha mwenye laptopu wa kabla yako hakuacha mabaki ya antivairasi nyingine. Tunaweka dau kwamba yapo.

Avast ya bure inanifaa, lakini nasikia "inauza habari zetu". Ni kweli?
*Msomaji, Unguja*

Ilikuwa kweli. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walitembelea. Waandishi wa habari walipoifichua, ilifungwa Januari 2020. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuikataza kuuza taarifa za kuvinjari kwa ajili ya matangazo.

Kama kinga, injini yake bado ni nzuri. Ukiitumia, wakati wa kusakinisha usibofye "ndiyo" moja kwa moja. Chagua kusakinisha kwa kuchagua vipande, uondoe alama kwenye kivinjari cha ziada na visafishaji. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uondoe alama zote za kushiriki taarifa. Itakuletea matangazo ya kununua toleo la kulipia karibu kila siku, na mengine yameandikwa kwa lugha ya kutisha kana kwamba kirusi kimeonekana. Sisi tunaona kwamba kwenye Windows 10 na 11 hakuna sababu kubwa ya kuvumilia hayo.

Niko Minneapolis. Nilikuwa na Kaspersky ya kulipia, siku moja nikaamka na kitu kinaitwa UltraAV. Ni kirusi? Na leseni yangu naweza kumpa kaka yangu aliye Tanga?
*Msomaji wa ughaibuni*

Si kirusi, ndugu. Juni 2024 Wizara ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku Kaspersky, ikieleza hatari ya serikali ya Urusi kuitumia kampuni hiyo, kampuni ilikanusha. Kuuza kulikoma tarehe 20 Julai na masasisho tarehe 29 Septemba mwaka huo. Wateja wa Marekani wakahamishiwa UltraAV, wengi wakiikuta tayari imejisakinisha. Huitaki? Iondoe kwenye "Installed apps", na UltraVPN kama ipo, uwashe upya. Defender itaamka yenyewe. Kagua pia kama malipo ya kila mwaka bado yanaendelea.

Leseni usimpe kaka. Leseni za Kaspersky hufungwa kwa eneo, na iliyouzwa Marekani haitegemewi kufanya kazi Tanga. Amri ya Marekani haimhusu yeye, na kwa kupima virusi programu hiyo imekuwa ikipata alama za juu miaka yote. Swali ni la imani: antivairasi husoma kila faili na ina madaraka makubwa kuliko mwenye kompyuta. Ujerumani nayo, kupitia ofisi yake ya usalama wa kompyuta, BSI, ilitoa onyo Machi 2022. Kama kaka anashughulikia mafaili ya serikali au taarifa za wateja, achague nyingine. Kama ni muziki na picha za harusi, uamuzi ni wake.

Pembeni mwa kioo zinatokea picha nyekundu: "Virusi 5 vimepatikana, McAfee yako imeisha." Sijawahi kununua McAfee.
*Msomaji, Tabora*

Kompyuta yako huenda haina kirusi hata kimoja. Kuna ukurasa ulikuomba ubofye "Allow" ili kuthibitisha wewe si roboti au kupakua filamu, nawe ukabofya. Tangu hapo ukurasa huo una ruhusa ya kukutumia arifa. Soma maandishi madogo kwenye hiyo picha: utaona jina la kivinjari au anwani ya tovuti isiyoeleweka. Antivairasi ya kweli haina hilo.

Kwenye Chrome nenda "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", uzifute tovuti zote usizozijua. Kwenye Edge andika notifications ndani ya kisanduku cha kutafuta cha mipangilio. Picha zitakoma papo hapo. Zikiwa na namba ya simu, usipige: mpokeaji atakutaka usakinishe AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, ili "akusafishie", na hapo ndipo wizi huanza.

Fundi aliniwekea antivairasi "full" na Office kwa shilingi elfu 20. Alizima ulinzi wote kwanza, akasema ni kawaida. Sasa akaunti yangu ya Facebook inatuma ujumbe nisioandika.
*Msomaji, Mwanza*

Si kawaida. Vifungua-leseni vya wizi, vinavyofanya programu ya kulipia ionekane "full", huja na maelekezo ya kuzima antivairasi kwa sababu antivairasi ingevikamata, na ndani yake mara nyingi mna programu ya kuiba nywila. Kitu kinachoibwa zaidi ni vidakuzi vya kivinjari, yaani ushahidi kwamba umeshaingia kwenye akaunti. Mwizi akivipata haombwi nywila wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu.

Fuata mpangilio huu huu. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila ya baruapepe kwanza, kisha Facebook na benki, na kila mahali uchague kuondoka (log out) kwenye vifaa vyote. Ukibadilishia kwenye kompyuta iliyoambukizwa, unamkabidhi mwizi nywila mpya. Halafu kwenye kompyuta ondoa antivairasi na Office alizoweka, ingia "Exclusions" ufute kila folda aliyoiongeza (hapa ndipo mafundi wengi huacha mlango wazi, na Defender hupita pembeni ikisema kila kitu ni salama), kisha fanya "Offline scan". Tahadhari zikirudi baada ya hapo, hifadhi hati na picha pekee, ufute diski na kuweka Windows upya.

Programu yoyote unayoishuku unaweza kuipeleka VirusTotal, huduma ya Google inayoikagua kwa injini zaidi ya 70. Kikomo ni megabaiti 650. Injini mbili tatu zisizojulikana zikilia, huenda ni tahadhari ya uongo. Zikilia 30, futa. Usipandishe humo hati zako binafsi, kwa kuwa faili zinazowekwa huweza kuonwa na wengine.

Windows 10 imeisha muda. Nikilipia antivairasi nzuri naweza kuendelea nayo?
*Msomaji, Nakuru*

Kwa muda, ila si kwa sababu ya antivairasi. Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuja kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini hiyo haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta bila mtu kubofya lolote, kupitia tundu ambalo kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Antivairasi haikuwa dawa. Dawa ilikuwa kiraka.

Fungua "Windows Update" utafute kujiunga na masasisho ya ziada ya usalama, ESU, yanayofika tarehe 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Kama mashine haina TPM 2.0 (kijenzi cha usalama), au kichakataji chake ni cha Intel kabla ya kizazi cha nane, Windows 11 haitakubali rasmi. Hapo unaweza kuhamia mfumo mwingine wa bure badala ya Windows: Linux Mint toleo la Xfce hukimbia vizuri kwenye RAM ya GB 4. Wenye Windows 7: hama tu, hata leo.

Nitajuaje kwamba antivairasi yangu inafanya kazi kweli?
*Msomaji, Tanga*

Kuna faili ya majaribio ya EICAR, maandishi ya herufi na alama 68 yasiyo na madhara, ambayo antivairasi zote zimekubaliana kuyachukulia kama kirusi. Ipakue kwenye tovuti ya eicar.org. Inatakiwa ikatwe kabla ya kutua, au mara tu unapoifungua. Ikiwa iko ndani ya faili ya zip, kukaa kwake kimya si kosa. Ifungue zip ndipo uone. Ikitoka na kukaa kwenye folda kama faili nyingine yoyote, "Real-time protection" imezimwa, au folda hiyo iko kwenye "Exclusions".